Ziba Chumba, Kompyuta Inaogopa Vumbi

Lwamisanga, Geita
14 Juni 1998

Kwako Hozefa, bingwa wa waya,

Salamu utazipata mwisho, kwanza shida. Nataka kompyuta. Usicheke. Nataka kompyuta ya michezo: mpira, magari, na ule wa kupigana risasi ndani ya korido. Mwezi jana nilikwenda Mwanza nikaona chumba kimoja cha mtaa wa nyuma, vijana wamepanga foleni na hela mkononi, wanacheza dakika kumi kumi. Nikajiambia, Athanas, wewe unakaa na wachimbaji mia nane ambao wakitoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, hawana pa kwenda ila baa ya Makoye. Na Kombe la Dunia ndiyo limeanza, watu wanabanana kwenye redio mpaka inapata joto. Ukiwapa mpira wa kucheza wenyewe kwenye skrini, si watauza hadi viatu?

Nina laki tano na nusu. Hiyo ndiyo yote, hakuna nyingine chini ya godoro. Wewe ndiye fundi ninayemwamini tangu ulipoifufua redio ya bweni kwa kijiko. Nichagulie kipi kiwe kipya, kipi cha mitumba, na kipi niachane nacho.

Sababu nakwambia wewe tu. Euphrasia ana mimba ya miezi miwili. Unajua zile mbili za kwanza zilivyoharibika, zote zilipofika mwezi wa sita. Sista mmoja wa misheni Ushirombo amemshauri safari hii ahamie karibu na hospitali mapema, na kazi ya kuwachomea watu dhahabu aache, apumzike. Ameacha. Lakini kodi ya chumba Ushirombo na chakula vitatoka wapi? Duara letu limeingia maji. Kwa hiyo nikikosea kwenye hii kompyuta, nimekosea kwa mtoto.

Mpe Mama Tahera shikamoo yangu. Mwambie sambusa zake bado naziota.

Ni mimi,
Athanas


Shinyanga
23 Juni 1998

Athanas,

Sambusa zimo kwenye mfuko, kama konda hajazila. Nimecheka mpaka nikakaa chini, kisha nikachukua kalamu.

Laki tano na nusu haikupi kompyuta mpya hata ukilia. Inakupa ya kuungaunga, na kwa kuungaunga mji huu hauna mwingine kama mimi. Kasha, pawasapulai ya kuingizia umeme, na kibodi tunachukua mitumba. Kuna ofisi ya mradi hapa imefunga, inauza vyake. Skrini ni inchi kumi na nne, ina mkwaruzo pembeni, mtu akishafunga bao hatauona. Prosesa usiniletee habari za kasi za juu, megahezi mia moja sitini na sita inatosha mpira. Hela tuipeleke kwenye memori na kadi ya picha, maana hapo ndipo mchezo unapokufa au kupona. Watu wa huku wananunua kasha linalong'aa, ndani hamna kitu. Hivyo viwili nimemwagiza Hemal, muuza vifaa wa Mwanza, vipya. Kadi ya sauti nakupa yangu ya zamani, usiseme sikukupa kitu.

Juu ya prosesa nakufungia kipande cha alumini chenye mapezi, cha kupunguza joto, na feni mbili. Memori utaona ina meno ya njano. Ni dhahabu kweli, imepakwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Waambie wachimbaji wako wasiyang'oe.

Sasa shika neno hili kuliko yote. Hapo kwenu mnatwanga mawe kwenye vinu mchana kutwa. Vumbi hilo likiingia kwenye mashine, kwa heri. Ziba chumba. Madirisha piga nailoni na misumari, mlangoni ning'iniza gunia zito, nyufa ziba kwa udongo. Na ndani ya chumba hicho hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna moshi wa aina yoyote. Ukipikia chai pembeni ya kazi yangu nitapanda basi nije kukupiga.

Shemeji Euphrasia mpe hongera. Mama anamwombea.

Wako,
Hozefa


Lwamisanga
25 Julai 1998

Hozefa wee!

Wabeja sana, asante mara mia! Inawaka! Umeme tunavuta kwenye jenereta ya Makoye, kwa hiyo hata yeye amenuna nusu uso tu. Jioni ya kwanza walikuja ishirini, ya pili nikashindwa kuwahesabu. Kuna mzee Maganga, ana miaka karibu sitini, anachagua Brazili kila siku, anafungwa kila siku, na anamtukana kipa kwa Kisukuma ambacho siwezi kukiandika kwenye karatasi.

Chumba nimekiziba kama ulivyoamuru. Nailoni mara mbili, gunia, udongo. Ukifunga mlango husikii hata vinu. Asubuhi mimi nikiwa duarani kuchota maji ufunguo anao Euphrasia, yeye ndiye anafagia na kufuta skrini.

Hajambo hajambo tu. Usingizi hana, na amekuwa mkali, juzi amenirushia mwiko kwa sababu ya chumvi. Mama mkwe anasema mimba ya msichana ndivyo ilivyo. Hela ya Ushirombo bado haijatimia, nusu inakunywa dizeli. Lakini nikimwambia nina wasiwasi ananijibu, "Usijali, ipo." Ipo wapi? Wanawake wana siri zao, mimi nimeacha kuuliza.

Mwenye chumba cha michezo,
Athanas


Lwamisanga
29 Agosti 1998

Hozefa,

Leo sina salamu. Mashine imekufa. Ilianza kuganda katikati ya mchezo, halafu ikawa inalia pii pii bila picha, na tangu Jumatano haiwaki kabisa. Nimeifungua. Yale meno ya memori uliyosema ni dhahabu yamekuwa meupe. Na ile alumini ya mapezi imeota manyoya meupe kama ukungu wa mkate. Ukiyagusa yanapukutika unga. Vyote nimekutumia ndani ya kopo la maziwa ujionee.

Hozefa, unamdanganya mchimbaji kuhusu dhahabu? Mimi? Najua utakachosema, utasema zebaki, maana dhahabu ikishikwa na zebaki hugeuka nyeupe, hata mtoto wa hapa anajua. Lakini kwangu zebaki haijaingia tangu Euphrasia aache kazi. Kwa hiyo ama Hemal amekuuzia rangi, ama wewe umeniuzia mimi. Sitaki kujua ni nani. Nataka vifaa vya kweli.

Samahani kwa mwandiko. Mkono unatetemeka siku hizi, nadhani ni hasira. Euphrasia naye hawezi kubeba kikombe bila kumwaga. Fizi zinamtoka damu, anasema kila anachokula kina ladha ya sarafu. Mama mkwe anasema kuna mtu ametutupia jicho tangu chumba kianze kujaa. Usiku naamka nazunguka nyumba na panga, sioni mtu. Mimba ina miezi minne na nusu na mimi naogopa, Hozefa. Naogopa sana.

Athanas


Shinyanga
7 Septemba 1998

Athanas,

Barua yako nilimsomea Mama, akaniambia niiache kalamu siku mbili. Nimeiacha. Leo nakujibu.

Wallahi sijakuuzia rangi. Hemal nimempigia simu, tumetukanana mpaka mke wake akamnyang'anya simu. Anasema memori za namna hiyo ameuza nyingi Mwanza, hakuna iliyorudi. Mimi nafikiri ni hewa ya huko. Vumbi la mawe yenu lina mambo ndani yake, likikutana na unyevu wa usiku linakula chuma. Kuna mahali linapenya. Juu ya ukuta, chini ya bati, uliacha upenyo? Najua umeacha, nyumba zote za huko zina upenyo. Ziba na huo. Ziba mpaka hewa yenyewe ibishe hodi.

Nakutumia memori nyingine na alumini nyingine, hela yangu. Umeniumiza kwa maneno yako, lakini mimba ya shemeji haikunikosea kitu. Apimwe malaria, na wewe pia.

Hozefa


Lwamisanga
24 Septemba 1998

Shemeji Hozefa,

Nakusalimu kwa heshima, na Mama mpe shikamoo. Hujawahi kupata barua yangu, na ukimaliza kuisoma naomba uichome. Athanas hajui.

Mashine niliiua mimi. Ulikataza jiko na moshi, Athanas alinisomea mwenyewe. Lakini kuchoma dhahabu sikuacha, nilimwambia tu nimeacha. Akiba yetu yote iliingia kwenye kompyuta, na mimi nimezika wawili, shemeji. Ningekaaje nikingoja watu wacheze mpira ndipo nipate kodi ya Ushirombo? Kila asubuhi akishatoka, wachimbaji wananiletea madonge yao yenye zebaki. Najifungia chumbani, nawasha jiko la mkaa, nachoma mpaka weupe unaondoka inabaki njano. Uani siwezi. Ukichomea uani jirani anaona una kiasi gani, usiku unavunjiwa mlango. Kile chumba ndicho pekee kisicho na tundu la mtu kuchungulia. Zamani nikimaliza moshi ulitoka upesi. Tangu tuzibe chini ya bati unakaa mpaka mchana.

Sasa memori uliyotuletea nayo imeanza kuwa nyeupe. Niambie, nikiifunika mashine kwa kanga mbili, moshi utaingia? Ikifa tena mtagombana kwa kosa langu, na nyinyi ni ndugu.

Mimi mwili si wangu. Nashindwa hata kufunga kifungo. Lakini mtoto anacheza, hasa alfajiri, ananipiga mateke mpaka nacheka. Mwezi wa sita ndiyo huu. Athanas amehamishia kitanda chetu humo chumbani. Anasema chumba kinachoifaa mashine inayoogopa vumbi kitamfaa na mtoto.

Nisitiri, shemeji.

Euphrasia


Shinyanga
1 Oktoba 1998
Kwa mkono wa dereva, asimpe mtu mwingine

Athanas na Euphrasia,

Someni pamoja, na mkasomee nje.

Shemeji, nisamehe, hili siwezi kulisitiri. Athanas, usimgombeze. Hajaacha kuchoma. Amekuwa akichoma zebaki kila asubuhi ndani ya chumba nilichowaambia mzibe, ili apate kodi ya Ushirombo. Ukitaka kumpiga mtu, njoo Shinyanga unipige mimi.

Nilipopata barua yake nilichukua lile kopo la maziwa nikaenda kwa mjomba Zulfikar, sonara wa sokoni. Sikumwambia kitu. Akatazama meno ya memori, akasema, "Hii imekula zebaki." Akatoka nayo nje, akasimama upepo ukiwa mgongoni, akaishika kwa koleo juu ya moto. Weupe ukaondoka, njano ikarudi. Nikamuuliza kwa nini hakuchomea ndani. Akaniuliza kama namkumbuka baba yake. Namkumbuka, alikuwa anatetemeka, hana meno, anawatukana wateja, sisi watoto tulimcheka. Akasema, "Alichomea ndani miaka ishirini."

Zebaki haipotei ikichomwa, Athanas. Inakuwa hewa. Imetafuta dhahabu ndani ya kasha lililofungwa kwa skrubu ikaipata, na alumini nayo ikaiotesha yale manyoya. Ninyi mnaivuta hewa hiyo hiyo, na sasa mnalala humo. Mkono wako, fizi zake, hasira, ladha ya sarafu, ndiyo hiyo. Nimemuuliza mganga mkuu wa hospitali hapa, akaniambia inamfikia hata aliye tumboni. Na zile mimba mbili za kwanza, sijui, lakini nimezifikiria usiku mzima.

Zebaki tunauza sisi wenyewe dukani kwetu, kwenye vichupa vya sindano. Nimeipima tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuuliza ikichomwa inakwenda wapi. Nimeambatanisha nauli. Tokeni leo. Kitanda acheni, nguo acheni, mashine acheni. Nendeni Ushirombo.

Hozefa


Ushirombo
19 Oktoba 1998

Hozefa,

Nisiseme uongo, nilipoisoma nilidhani ni ujanja wa kukwepa zile memori. Nikasema, ameona amenaswa, anamsingizia mke wangu. Nikamtazama Euphrasia, nikitegemea naye acheke. Akapiga magoti.

Nilichukua ile memori ya pili nikaenda nayo mpaka mwaloni tunakooshea mchanga wa dhahabu, kwenye upepo, nikaichoma. Njano ikarudi. Mimi, mchimbaji, sikuitambua dhahabu iliyokula zebaki, kwa sababu nilijua kwangu zebaki haimo.

Sikumgombeza. Nilipasua nailoni za madirisha kwa mikono, nikakata viganja. Kesho yake tulipanda lori la mkaa. Tumepanga chumba nyuma ya misheni, kina madirisha mawili na hatuyafungi hata mvua ikinyesha. Mwezi wa sita umepita, mtoto yumo, anacheza. Katika mimba zetu hakuna iliyowahi kufika hapa. Euphrasia analia kwa furaha, mimi nalia tu.

Niliyokuandikia Agosti yafute.

Athanas


Ushirombo
21 Februari 1999

Shemeji yangu Hozefa,

Tumepata msichana! Alizaliwa tarehe kumi na saba Januari mvua ikinyesha kutwa nzima, tumemwita Kabula. Ana vidole kumi mikononi na kumi miguuni, nimevihesabu mpaka wauguzi wakanifukuza. Uzito wake wamesema mzuri.

Na upole wake, shemeji, hujaona! Halii ovyo. Juzi jirani aliangusha sufuria mlangoni, watoto wote wa nyumba wakapiga kelele, Kabula yuko kimya ananitazama tu. Wanawake wa hapa wananionea wivu, wananiuliza nimekula nini. Mimi mikono bado inanitetemeka kidogo, lakini kifungo nafunga.

Nina swali moja. Mwaka jana ulipomwambia Athanas siri yangu nilikuchukia wiki nzima, kisha nikaelewa kwamba wewe ndiye mtu asiyenificha. Ile hewa, ilimfikia mtoto au haikumfikia? Athanas nikimuuliza anatoka nje. Wewe niambie.

Akikua nitamleta amsalimie Mama Tahera.

Euphrasia


Ushirombo
22 Februari 1999

Hozefa,

Barua yake nimeipeleka posta mwenyewe, na hii naitia kwenye bahasha yangu.

Nimegonga debe tupu nyuma ya kichwa cha mtoto. Hakupepesa. Nimerudia kila siku kwa wiki mbili, Euphrasia akienda kuteka maji. Nimempigia filimbi, nimebamiza mlango, nimemwita jina kwa sauti ya duarani. Hozefa, hasikii. Na miguu ameikaza, ukimkunjua inarudi kama mkasi. Daktari nimemwona peke yangu. Amesema tungoje akue, lakini hakunitazama usoni.

Euphrasia ana furaha ambayo sijaiona tangu nimwoe. Anamwimbia kutwa. Nakuomba kwa urafiki wetu, ukimjibu mwambie haikumfikia. Mpe hata huu mwaka mmoja. Wewe anakuamini.

Athanas


Shinyanga
2 Machi 1999

Shemeji Euphrasia,

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za hongera tupu, na Mama alizisoma akazichana.

Athanas ameniomba nikudanganye. Usimkasirikie, ameliona kabla yako na amelibeba peke yake, na amelificha kwa kukupenda, kama wewe ulivyomficha jiko.

Ilimfikia. Kabula hasikii, shemeji. Zile nyimbo hazisikii. Anakutazama kwa sababu anakuona mdomo unavyocheza na anaupenda. Miguu nayo itahitaji daktari mwingine, mkubwa kuliko wa hapo, na tutamtafuta pamoja.

Usijilaumu. Wewe uliwasha jiko lile lile waliloliwasha wote. Aliyesema zibeni ni mimi, nikasema mara mbili, nikijiona mwerevu.

Jumamosi nakuja na Mama. Tutafika kwa basi la mchana. Kama hutaki kuniona, nitakaa barazani, Mama ataingia.

Hozefa